Kiti cha Kabati

Fundi saa hakuwa mtu wa kuacha kengele ilie. Miaka thelathini na nne alikuwa akizinyamazisha kengele za watu katika duka lake la ghorofa ya chini, na sikio lake lilizoea kutambua mlio unatoka saa ipi na saa hiyo inaumwa nini. Kwa hiyo Jumatatu ile aliyofungua duka tena, wiki ya tatu tangu wamzike mke wake, aliposikia mlio asioujua ukitoka vyumba vya juu, saa kumi kamili jioni, aliweka kibano chini, akavua kioo cha jichoni, akapanda ngazi.

Iliyokuwa inalia ni tableti ya marehemu. Ilisimama pale pale alipoiacha, juu ya rafu, imeegemea ganda la saa ya ukutani iliyokufa zamani, waya wa umeme bado umechomekwa. Mbele yake, katikati ya chumba, palikuwa na kiti cha mbao kisicho na mikono. Fundi alibonyeza palipong'aa. Kengele ikanyamaza, na badala yake wakatokea watu. Akaruka pembeni kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta lina mwenyewe.

Kutoka pembeni, mgongo ukutani, alichungulia. Walikuwa watu kumi na mmoja na mwalimu wao, kila mmoja ndani ya kidirisha chake. Wengine walionekana uso, wengine magoti tu, wengine mabega. Kidirisha cha mwisho kilionyesha kiti kitupu. Fundi alikitazama kwenye kioo, akakitazama pale sakafuni. Ni hicho hicho. Chini ya kidirisha paliandikwa: Kabati.

Akajibanza zaidi ukutani.

"Kabati huyo!" alisema mwalimu, mwanamke mwenye mvi aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu. "Tumekukosa wiki mbili. Kama leo mwili umekataa, usijali. Kiti kikiwepo, nawe upo. Sheria yetu unaijua."

"Karibu, Kabati," wakasema wengine, mmoja baada ya mwingine. Fundi alibana pumzi.

Jina lile alikuwa amelitoa yeye.

Mwaka uliotangulia mke wake alikuwa akilalamika mgongo, na daktari akamwambia ajinyooshe kila siku, hata kidogo. Jioni moja Fundi alipanda kuchukua miwani, akasukuma mlango, akamkuta amesimama nyuma ya kiti, mikono juu, macho ameyafumba. Alikuwa mwanamke mwenye mwili wake, na goti la kushoto halikukunjika vizuri tangu aanguke ngazini. Fundi akasema, "Haya tena! Kabati linataka kuruka." Akacheka hadi akashika ukuta. Mke wake naye alicheka, au alionyesha meno. Fundi hakukaa kuangalia, maana mteja alikuwa anangoja chini. Baadaye akalirudia neno lile mbele ya binti yao, na tena mbele ya shemeji yake, kwa kuwa mara ya kwanza lilikuwa limemfurahisha. Tangu hapo mlango wa chumba kile ulifungwa kwa komeo, na mwishowe ikawa kila Jumatatu na Alhamisi saa kumi. Fundi hakuuliza. Alidhani mwenzake anaogopa upepo.

Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Lakini usaha huu haukutumbuka alipokuwepo mtu wa kuuosha.

Alikaa pale ukutani nusu saa nzima. Mwalimu alikuwa na namna yake ya kufundisha: kila kitu alikieleza kwa maneno, taratibu, kama anayemwelekeza mgeni nyumba iliyojificha. "Ninainua mkono wa kulia. Umefika sikioni. Wako ukifika kifuani, basi hapo ndipo leo palipo juu." Alifanya hivyo kwa ajili ya mwanafunzi mmoja asiyeona, mzee mchangamfu waliyemwita Redio. Na ni kwa ajili yake pia kwamba mwishoni mwalimu alifungua sauti za wote wakapumua pamoja, ili naye ajue wenzake wapo.

Fundi alisema moyoni kwamba harudii tena. Alhamisi, saa kumi kasoro dakika mbili, alikuwa amekaa ukutani.

Sababu yake ilikuwa moja, naye hakujidanganya juu yake. Mtaani watu walikuwa wameshaanza kusema "marehemu". Binti yake alisema "marehemu mama". Hata yeye mwenyewe, alipojaza karatasi za hospitali, aliandika hivyo kwa mkono usiotetemeka. Mahali pamoja tu duniani mke wake alikuwa bado anakaribishwa kwa jina na kuulizwa hali.

Binti alipiga simu Jumamosi.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula."

"Baba!" Akavuta pumzi. "Haya. Ile tableti ya mama nije niichukue? Mjukuu wako anaihitaji kwa masomo."

"Iache kwanza."

"Unaifanyia nini wewe, na simu yenyewe unaishika kama kaa la moto?"

"Naangalia saa."

"Nyumba nzima imejaa saa, Baba!"

Fundi alihamishia simu sikio la pili. Binti aliposema tena, sauti yake ilikuwa imelegea. "Basi iache. Iache tu, Baba."

Jumatatu iliyofuata mwalimu alikuwa na habari kabla ya kuanza.

"Kuna dada anasubiri kuingia. Ana mguu mmoja, na ameshakataliwa na madarasa matatu. Hawakumwambia hapana, walimwambia tu hawajui wamfundisheje. Mnajua siwezi kuwatazama zaidi ya watu kumi na wawili, nikawaona kweli. Kwa hiyo kama yupo anayejiona hatarudi tena, aniambie. Hakuna ubaya." Akainamia kioo. "Kabati, sikusemi wewe. Wewe pumzika. Kiti chako ni chako."

Fundi aliinamisha kichwa. Kisha, kwa kuwa hakulala vizuri siku nyingi, na sauti ya mwalimu ilikuwa laini, alijisahau. Walipofika mwisho na kuanza kupumua pamoja, naye akapumua nao. Ndani, nje. Ndani, nje. Kifua kikamlegea kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Mwalimu, samahani," ikasema sauti ya Redio. "Kwa Kabati kuna mtu anapumua."

"Tunashukuru. Karibu, Kabati."

"Si yeye. Kabati hupumua kama mtu anayepoza chai. Huyu ana filimbi puani."

Nyuso zote zikasogea karibu na vioo vyao.

"Nani yupo hapo?" aliuliza mwalimu, bila ukali. "Kabati yuko salama?"

Fundi aliunyoosha mkono, akaichomoa tableti kwenye waya, akailaza kifudifudi, akabonyeza kila alipoweza kubonyeza hadi ikafa.

Alikaa sakafuni hadi miguu ikafa ganzi. Alipojishika kwenye rafu ili ainuke, mkono ukagusa daftari nyuma ya lile ganda la saa. Mwandiko ulikuwa wa mke wake, uliolala kulia kama majani yaliyopigwa na upepo. Juu aliandika: *Walimu wa yoga.* Chini yake walifuatana kwa namba.

*1. Msichana wa ufukweni. Ameweka mguu nyuma ya shingo. Anasema ni somo la wanaoanza. Huyu hana mifupa, ana uzi.*

*2. Kijana anayefoka. Anasema maumivu ni rafiki. Rafiki yako, si wangu.*

*4. Anasema darasa lake ni la watu wote. Nimewaangalia hao wote. Wote wembamba.*

*7. Kaniambia nifumbe macho, kisha akasema "fanya kama mimi". Nimefumba. Sioni.*

Fundi alicheka peke yake. Hakujua kwamba mke wake alikuwa mcheshi hivi kwenye karatasi. Akafunua ukurasa.

*11. Huyu ni mnene kama mimi, nikafurahi. Lakini somo zima ni la kupunguza mwili. Mimi nimekuja na mgongo.*

*15. Nimemwandikia, nina goti bovu na nafasi ndogo. Amejibu nirudi goti likipona.*

Wa kumi na tisa alikuwa wa mwisho.

*19. Mama wa kiti cha magurudumu. Kabla ya yote ameniuliza, "Mwili wako leo umeamkaje?" Nimeshindwa kujibu. Sikumbuki lini mtu aliniuliza.*

Fundi alihesabu tarehe. Kutoka wa kwanza hadi wa kumi na tisa ilikuwa miezi kumi na mmoja. Miezi kumi na mmoja mke wake aligonga milango ya watu asiowajua, na yeye alikuwa ghorofa ya chini, ngazi kumi na nne tu, anawauliza wateja saa zao zimeamkaje.

Alhamisi alivaa shati safi. Alipofungua tableti hakukimbilia ukutani. Alivuta kiti nyuma kidogo, akakaa, mikono juu ya mapaja kama mtu aliyeitwa polisi.

"Mimi ni mume wa Kabati," alisema. Sauti haikutosha, akakohoa, akaanza upya. "Mimi ni mume wake. Mwenzangu amefariki. Leo ni wiki ya nne. Ilikuwa asubuhi, alikuwa anafunga kiatu. Alisema kichwa kinamuuma, akaketi kitandani. Sikuwaambia kwa sababu... mlikuwa mnamsalimia."

Mwanamke mmoja, mpishi, aliyekuwa bado na kitambaa chake cha kazini kichwani, alifunika mdomo kwa viganja. Redio alisema polepole, "Pole sana, ndugu yangu. Nami nilikuumbua mbele za watu."

"Hukuniumbua. Ulisikia vizuri."

"Pole, Baba," alisema mwalimu. Akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Asante kwa kutuambia."

Fundi alikuwa na swali, na alijua asipouliza sasa hatauliza tena.

"Hilo jina. Alisemaje kuhusu hilo jina?"

Mwalimu alifikiri. "Siku ya kwanza nilimuuliza tumwiteje. Akasema, 'Nyumbani naitwa Kabati.' Nikamwambia achague lolote, hapa kila mtu anajipa lake. Akasema, 'Hili hili, nimeshalizoea.'"

"Alicheka?"

"Sikumbuki. Nisikudanganye."

"Alicheka," alisema Redio. "Lakini alichelewa kidogo."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Miaka yote ile, kazi yake ilikuwa kusikia kuchelewa kidogo. Saa inayosimama kabisa hata mtoto anaijua. Inayochelewa kidogo ndiyo humdanganya mwenye nyumba. Huitazama kila siku akadhani ni nzima.

"Jina hilo nililitoa mimi," alisema. "Nilikuwa natania."

Hakuna aliyemlaumu, wala hakuna aliyemwambia si neno. Labda hilo ndilo lililomwezesha kuendelea.

"Yule dada anayesubiri. Aingie. Mwenzangu alitafuta mahali hapa karibu mwaka mzima. Angenigombeza kukalia nafasi ya mtu."

"Na wewe, Baba? Tunaweza kutafuta namna."

"Umesema huwaoni zaidi ya kumi na wawili." Akajaribu kutabasamu. "Na mimi sikuja na mgongo."

"Leo bado nafasi ni ya kiti hicho," alisema mwalimu. "Kaa nasi leo."

Akakaa. Mwalimu alimuuliza mwili wake umeamkaje, na Fundi, baada ya kufikiri kama anayetafuta skrubu iliyodondoka zuliani, akasema, "Mzito." Alipoinua mikono, wa kulia ulikomea begani, miaka ya kuinamia meza ilikuwa imeuweka kufuli. "Hapo ndipo juu palipo leo," alisema mwalimu. Mikono ikakaa hapo, nusu ya njia. Hivi ndivyo mke wake alivyokuwa amesimama siku ile, na alikuwa amefika juu zaidi.

Mwisho wakapumua. Filimbi ya pua yake ilisikika kwa wote, na hakuna aliyesema kitu. Kisha wakaaga, mmoja baada ya mwingine, si kwake bali kwa yule waliyekuwa wakimwita Kabati, na vidirisha vikazimika, hadi kikabaki kimoja, chenye mzee na kiti.

Jumatatu alikuwa dukani, kioo jichoni, saa ya mkono ya mwanamke mmoja aliyekaa akingoja imefunguliwa mbele yake. Tableti alikuwa ameichomeka tena kwenye umeme. Kuzima ile kengele hakujua, wala hakumwomba binti yake amfundishe. Saa kumi kamili ikaanza kulia huko juu.

Yule mwanamke aliinua kichwa. "Fundi, kuna kitu kinalia."

"Nakisikia, mama."

Kibano kilisimama hewani. Fundi aliisikiliza kengele ikilia, ikapumzika, ikalia tena, akaiacha mpaka iliponyamaza yenyewe.