Kifuniko cha Siagi

Shangazi yangu Rahila ana kabati la vioo sebuleni kwake, mtaa wa Ansab, na ufunguo wake huuvaa shingoni kama hirizi. Ndani mna vyombo vya Kimarekani vya kioo cha rangi ya waridi. Enzi za dhiki huko kwao vilikuwa vya bei chee, vingine vikitiwa bure ndani ya maboksi ya shayiri ili watu wanunue uji. Sasa haruhusiwi mtu kuvigusa isipokuwa mimi, kwa kuwa nimesoma chuo, na shangazi anaamini aliyesoma chuo anajua thamani ya kila kitu.

Kisahani chake cha siagi hakikuwa na kifuniko. Vifuniko ndivyo vinavyovunjika kwanza, na shangazi alikitafuta mtandaoni mpaka akakata tamaa. Halafu siku ya Idi akakiona mtaa wa Al Khuwair, kwa Bi Mazoon, mke wa ami yangu. Kilikuwa kimefunika halwa.

“Muombe akuuzie,” nilimwambia tukiwa garini.

“Nimuombe wifi yangu aniuzie chombo? Haya huna? Tutarudi tukakisifu.”

Kwetu mgeni akisifu kitu mara moja, mwenyeji hushukuru. Akishikilia kusifu, mwenye adabu hana budi kukitoa.

Wiki iliyofuata tukarudi.

“Mashallah, wifi, kifuniko hiki! Kinavyong'ara!”

“Ah, nnafunikia inzi tu hicho,” alisema Bi Mazoon.

“Hata! Mashallah, mashallah. Bashayer, si kizuri?”

Niliinamia kikombe changu cha kahawa. “Kizuri.”

Bi Mazoon alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtoto aliyetumwa kuiba maembe. “Basi chukua, wifi.”

“La, wallahi sichukui!”

“Wallahi utachukua!”

Tulitoka nacho kimeviringishwa kwenye kanga. Nyumbani shangazi alikiweka juu ya kisahani, kikakaa barabara, na machozi yakamtoka. Na mimi pia, kwa kweli. Nilimsihi akitie kabatini, afunge.

Lakini furaha bila mtu wa kuionyesha ilimkera. Na aliyepewa lazima aalike. Bi Mazoon alipokuja, kabati lilikuwa wazi na kisahani kilikuwa mezani, kimefunikwa.

“Kumbe kifuniko changu kina mwenzake!” alisema Bi Mazoon. Akakiinua, akakiweka kando taratibu. “Mashallah, wifi, kisahani hiki!”

“Cha zamani tu hicho.”

“Mashallah, rangi yake! Bashayer, si kizuri?”

Shangazi alinikazia macho. Nikainamia kahawa.

“Kizuri,” nilisema.

Shangazi alishika ufunguo wake kifuani.

“Chukua, wifi,” alisema. “Chukua vyote viwili.”

“Astaghfirullah! Kifuniko nimekupa kwa mkono wangu. Zawadi hairudishwi.” Bi Mazoon alikitia kisahani mkobani, akamkumbatia, akamshukuru tena mlangoni, na akaenda zake.

Shangazi alikaa akikitazama kifuniko kilichobaki mezani.

“Haya, msomi,” aliniambia. “Peke yake kina thamani gani?”

“Bila kisahani, shangazi, ni kidogo.”

“Na kisahani bila kifuniko?”

“Kidogo vilevile.”

Hapo akatabasamu, mara ya kwanza jioni ile. Akakichukua kifuniko, akakifunikia halwa iliyobaki.

“Inzi,” alisema, ingawa kiyoyozi kilikuwa kinanguruma na madirisha yote yamefungwa.