Upanga Ulipomchosha Dada

Nilinyoosha mkono nikazima sauti ya televisheni. Dada hakugeuka. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, mgongo wima, pedi ya gemu mapajani, vidole gumba vikicheza. Kwenye kioo roboti lake la kijani lilisimama katikati ya jangwa la kijivu, na kutoka kushoto adui alikuwa anakuja taratibu, jitu zima la chuma linaloburuta mguu. Hata mtoto angeliona. Dada alikuwa akilenga risasi upande wa kulia, kwenye vumbi tupu.

Lakini nimerukia mbele. Sijawahi kuwa na subira, na watu wa kwetu wananijua hivyo.

Nyumbani kwetu kulikuwa na vyama viwili, chama cha upanga na chama cha roboti. Mashine yenyewe ya gemu tuliachiwa na mjomba alipohama, na ilikuwa nzee hata siku hizo. Ilikohoa kabla ya kuwaka, na usipoiinamisha ubavu haikusoma diski. Dada alikuwa wa upanga. Mchezo wake ulikuwa wa mwanamke mwenye joho jekundu na upanga mrefu kuliko yeye mwenyewe, anayepita kwenye ngome akikata kila kinachotembea. Mchezo ule haukuwa na onyo. Maadui walikuja kimya, na dalili pekee ilikuwa bega: bega likitikisika, umepewa nafasi ya kupepesa jicho, basi. Mimi nilikuwa nakufa kabla sijajua nimekosea wapi. Dada alikuwa ameshakwepa, ameshazunguka nyuma, ameshamaliza.

"Macho, Kobe," aliniambia. "Siyo vidole. Macho."

Kobe ni mimi. Alinipa jina hilo kwa sababu ya kupenda maroboti mazito yaendayo polepole, na likaninata hadi kazini.

Na nitayatetea maroboti yangu mpaka kesho. Michezo ya upanga ina maringo mengi. Kamera yake inajificha nyuma ya nguzo saa ile ile unapoihitaji, kama mtoto aliyevunja kikombe. Roboti la zamani lina uzito. Unabonyeza, linafikiri kwanza, ndipo linanyanyua mguu, na ukitua unasikia pedi inatetemeka mpaka kwenye kiwiko. Ukilikimbiza ovyo linapata joto, linazima, unabaki umesimama uwanjani kama nguzo ya umeme huku adui anakuja kukusalimia. Lazima upange. Lazima uchague: silaha nzito au miguu myepesi, huwezi kupata vyote. Vijana ninaofanya nao kazi leo hunionyesha michezo yao mipya ambamo roboti linaruka kama panzi. Ninawaambia hilo siyo roboti, ni mtu aliyevaa sufuria. Wanacheka, wanasema mzee umepitwa na wakati, na mimi nakasirika kweli kweli, kwa jambo ambalo mtu mwenye akili zake hakasirikii.

Tena kuna sauti. Katika ule mchezo wangu adui akiwa kushoto unamsikia kushoto. Akiwa nyuma yako kuna mlio mwembamba unaoongeza kasi kadiri anavyokaribia. Mtu angeweza kucheza amefumba macho. Nilijigamba hivyo mezani mara nyingi, mdomo umejaa chakula, na Dada alikuwa akinisikiliza.

Kazini tulikuwa pamoja pia. Ilikuwa yadi ya mizigo: makontena, mabomba ya chuma, mashine zilizofungwa kwenye masanduku ya mbao. Dada aliendesha kreni. Alianza kupanda ngazi ile mimi nikiwa bado navaa kaptula za shule, na ni yeye aliyeniombea nafasi. Mimi nilikuwa mtu wa chini: nafunga mzigo, nasimama mahali anaponiona, nampa ishara kwa mikono. Pandisha, shusha, polepole, simama. Wanaume wa yadi walipenda kumtania kwamba aliye juu mngoje chini. Alikuwa akiwajibu kupitia dirisha la kibanda chake, "Ngojeni basi, na mzigo nao unakuja!" Hakuna aliyetua mzigo kwa upole kama yeye. Nilijivunia jambo hilo kana kwamba mikono ilikuwa yangu.

Halafu, Jumapili moja, akaitoa diski ya upanga kwenye mashine mwenyewe.

"Upanga umenichosha," alisema. "Weka hilo roboti lako."

Furaha niliyokuwa nayo! Miaka yote ya kubishana, leo mkubwa wangu amesilimu. Nilitangaza yadi nzima. Nilimfundisha joto, silaha, milio ya kushoto na ya nyuma, na yeye alijifunza upesi kuliko nilivyotegemea, kichwa ameinamisha kidogo, sauti imefunguliwa mpaka Mama analalamika kutoka uani. Baada ya muda mfupi alikuwa ananishinda. Nilidhani hoja zangu ndizo zilizomshinda yeye. Mtu akitaka sana kusifiwa haulizi sifa imetoka wapi.

Kazini akaniomba tuache ishara, tutumie redio za mkononi. "Mikono yako naiona kila siku," alisema. "Nataka kusikia sauti yako tamu." Tukacheka. Nikawa naongea kutwa: kushoto kidogo, shusha, shusha, hapo. Nilijiona mtangazaji wa mpira. Nyumbani alijigonga kwenye mlango wa kabati uliokuwa wazi, akamtukana seremala. Mimi nikamtukana seremala pamoja naye.

Siku ya mabomba, betri ya redio yangu ilikata katikati ya sentensi. Sikujali. Nikarudi kwenye mikono, kazi niliyoifanya kwa miaka. Mzigo ulikuwa unashuka, na chini yake mwenzetu tuliyemwita Baba Pacha, kwa sababu mkewe alikuwa amejifungua pacha, alikuwa ameinama anaweka magogo ya kuupokea. Nikanyoosha mikono yote miwili kando. Simama. Mzigo ukaendelea kushuka. Nikanyoosha tena, nikaruka, nikapiga kelele iliyomezwa na injini. Mzigo ukaja vile vile, kwa upole wake ule ule. Nikamkamata Baba Pacha kwa ukosi wa shati nikamvuta kama gunia, na mabomba yakatua juu ya magogo, pale pale alipokuwa ameinama.

Watu wakaja mbio. Mtu mmoja akasema ni upepo, na wote wakalipokea neno hilo kwa shukrani. Baba Pacha, bado yuko chini, akajikagua. "Upepo gani huu ambao hata shati langu haukulitikisa?" Wakacheka, maana hofu ikishapita kicheko huja chenyewe. Dada alichungulia dirishani akauliza kuna nini.

Sikula mchana ule wala jioni. Nilizunguka kitandani, nikakaa, nikasimama. Nilianza kwa kumkasirikia: amezubaa, anaota ndoto kazini. Nikakumbuka redio. Kisha nikaukumbuka ule upanga. Mtu haachi kitu anachokipenda na kukiweza, kwa sababu tu mdogo wake ana mdomo mrefu. Dada hakuwa amebadili mawazo. Alikuwa amekwenda kwenye mchezo unaochezeka kwa masikio.

Ndiyo maana kesho yake, Jumapili, nikazima sauti. Mtetemo wa pedi nilikuwa nimeuzima kabla hajaketi.

Lile jitu la mguu mbovu lilimfikia, likainua mkono. Roboti la kijani likaanguka kifudifudi. Mchezo ule wa zamani haukuwa na makeke: ukishindwa, picha haizimi, haibadiliki, inaganda tu, na pembeni chini maandishi madogo yanawaka na kuzima kukuambia umeshindwa. Dada aliendelea kubonyeza. Alikwepa. Alijaza risasi. Aligeuza kichwa huku na huku kidogo kidogo, kama kuku anayetafuta punje, na vidole vyake vilikuwa hodari vile vile, vikipigana vita vilivyokwisha. Nilimpenda mno dakika ile, na nilimchukia pia.

Hatimaye vidole vikapunguza mwendo.

"Umezima sauti," alisema.

"Nimezima."

"Na mtetemo."

"Nao."

"Nimeshakufa?"

"Zamani."

Akaiweka pedi juu ya meza kwa uangalifu, akiipapasa meza kwanza. Aliniambia ni kama kuchungulia kwenye bomba, na bomba lilikuwa linazidi kuwa jembamba. Alikuwa ameshakwenda kwa daktari, peke yake, na kuambiwa ni presha ya macho: kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki kinaweza kulindwa kwa matone. Matone hayo anayaweka mpaka leo, asubuhi na jioni, na bado anaona uso wa mtu ukiwa mbele yake. Lakini siku ile hakuna aliyejua kitabaki nini.

"Na unapanda kreni," nilisema.

"Yadi ile naijua kwa moyo."

"Baba Pacha naye unamjua kwa moyo? Unajua alikuwa ameinama wapi?"

Nikapandisha sauti, nikamwambia mambo ambayo mdogo mtu hamwambii mkubwa wake: kwamba ni mwongo, kwamba atabeba mauti ya mtu mwingine, kwamba pacha wale wangekuwa yatima kwa sababu ya kiburi chake. Kutoka uani Mama akaita, "Nyie watu wazima, mnagombana tena kwa ajili ya gemu?"

"Ndiyo, Mama!" Dada alijibu, kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha akanigeukia, polepole. "Kobe. Hapa chini kila mtu ana la kuniambia. Kaa hapa, olewa, nyamaza, sogea. Kule juu hakuna. Nikishuka nitakuwa nani?"

Nikaiwasha tena sauti ya televisheni.

"Kesho ukipanda," nikamwambia, "mimi sitasimama chini."

"Utanisema?"

"Sitasimama tu."

Asubuhi alitoka nyumbani kabla yangu. Nilimkuta yadini ameshavaa glavu na kofia ngumu, anaongea na msimamizi kana kwamba ni siku kama nyingine. Nikaenda nikasimama karibu na lango, mikono mfukoni, miguu haitulii. Nilikuwa nimeamua kwamba mguu wake ukigusa mlango wa kibanda nitapiga kelele mbele ya watu wote, ahadi au si ahadi. Msimamizi aliniita mara mbili. Nikajifanya sisikii. Basi Baba Pacha, mtu asiyependa kazi ilale, akachukua redio yangu, akasogea mwenyewe mahali pangu, chini ya ndoano.

Dada akaanza kupanda. Hakutazama ngazi, mikono yake iliijua. Alifika katikati, akasimama, akainamisha uso kuelekea chini.

"Nani yuko hapo?"

Baba Pacha akampungia mikono yote miwili, meno nje. Hakusema neno, kwa sababu aliona ameshajibu.

"Nauliza ni nani!"

"Ah, Dada! Nimenenepa kiasi hicho mpaka hunijui?"

Watu wakacheka. Dada hakucheka. Alikaa vile, ameshikilia chuma, na kwa muda nilifikiri ataendelea kupanda. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini ambayo nusura nisiisikie, "Watoto wameamkaje?"

"Wameamka? Wao ndio wamelala saa hizi, sisi ndio tuliokesha!"

Akaligusisha paji la uso kwenye kipago cha ngazi kilichokuwa mbele yake. Halafu akaanza kushuka. Alipanda haraka, lakini kushuka kulimchukua muda, kwa kuwa kila kipago alikitafuta kwa ncha ya kiatu kabla ya kukiamini. Kicheko kilikoma chenyewe. Nilipofika kwenye ngazi alikuwa ameshakanyaga ardhi.

"Usinishike," aliniambia. "Nimeshuka mwenyewe."

Akageukia pale alipokuwa amemwacha msimamizi, akanyoosha shingo, akasema kwa sauti waliyoisikia wote, "Tafuta mtu mwingine wa kupanda. Macho yangu yameharibika. Juzi nilikaribia kumuua mtu, na haukuwa upepo."

Baba Pacha alivua kofia yake, akaishika kifuani, akaonekana hajui aiweke wapi. Dada akavua glavu, moja halafu nyingine, akazikunja pamoja vizuri kama alivyokuwa akifanya kila mwisho wa kazi, akamnyooshea msimamizi.

Msimamizi alikuwa ameshasogea upande wa pili, anatafuta simu yake mfukoni. Mkono wa Dada ukabaki hewani, umetulia, unangoja. Nikazunguka nikasimama pale alipodhani kuna mtu, nikazipokea.