Kifo Alichoniandikia Kanbei

“Sasa niambie, dada, unataka ufe vipi?”

Kanbei aliuliza hivyo akiwa amechuchumaa kwenye majivu, brashi ya wino imebanwa kati ya meno. Asubuhi ile jiji letu la Edo, huko Japani, lilikuwa bado linafuka moshi. Tetemeko liliangusha mtaa wetu wa makahaba, moto ukamalizia. Wenzangu wengi walifia ndani, maana lango lilikuwa moja tu, nalo lilifungwa. Mimi nilipenya kwenye ufa wa ukuta.

Kanbei aliandika vijitabu vya maafa, vile vinavyochapwa haraka na kuuzwa njiani. Watu walimwita kunguru. Lakini kunguru huyu hakuandika neno bila kurudi, kuuliza tena, na kutazama kwa macho yake. Wachapaji walichoshwa naye.

Nilimsimulia yote, habari ya lango hasa. Kisha nikamwambia kwamba baba aliniuza nikiwa mtoto, na mwenye nyumba ile ya makahaba akijua ningali hai atanirudisha.

Akasema ataniandika miongoni mwa waliokufa. Ndipo akauliza swali lile.

“Nife bila kulia,” nikasema.

“Wanunuzi wanapenda machozi, bibi wee.”

“Basi walie wenyewe.”

Alicheka hadi akakohoa. “Nikufanye shujaa? Uokoe mtoto?”

“Halafu waje kumtafuta huyo mtoto? Hapana. Nilikuwa nimelala, boriti ikaniangukia.”

“Kifo gani hiki, hakina hata chumvi,” akanung’unika. Hata hivyo aliandika, taratibu, kama anayeandika kwa mkono usio wake.

Kijitabu kiligombewa. Kwa sababu ya maneno yale ya lango, maofisa walivunja mbao za kuchapia na kumfunga Kanbei pingu nyumbani kwake. Mwenye nyumba alimfuata hukohuko, akamuuliza kuhusu msichana wa boriti.

“Ukimtaka, kafukue,” Kanbei alimjibu.

Hayo nilisimuliwa na mchonga mbao wake, alipopita mji wa Kawagoe nilikohamia, nami nimeshakuwa mke wa mtia rangi vitambaa. Wachapaji wakubwa hawakumpokea tena Kanbei. Aliandika mafuriko ya vijijini, mioto midogo. Leo ukitaja jina lake, watu wanakutazama tu.

Binti yangu alipojua kusoma, nilimpa kijitabu kimoja cha Kanbei, cha mafuriko. Alisoma kidogo, akakunja uso.

“Mama, mbona anataja hadi majina ya wapishi waliozama?”

Nikamwambia asome polepole, asiruke hata mmoja.