Sauti Chini ya Kinanda

Vijana wa kuchimba kaburi walikuwa wamekaa ukutani pale Maisaka tangu asubuhi, majembe na sururu miguuni, chai wamekunywa wakamaliza, na bado hakuna aliyewaambia wachimbe wapi. Aibu gani hiyo. Mzee Damasi yuko mochwari, misa ni kesho, na watoto wake wawili wanavutana.

Veronica, binti wa mke wa kwanza, alisema baba atazikwa kijijini Bonga, kando ya kaburi la huyo mama yake. Theodory, kijana wa mke wa pili, alisema baba hatoki Maisaka, kwenye nyumba aliyougulia na kufia.

"Nina ushahidi," Veronica alisema mbele ya kikao cha ukoo. "Siku ya kuagwa kwangu, kabla sijaolewa, baba alishika maiki pale Bonga. Aliwaonyesha watu kaburi la mama, akasema siku yake ikifika alazwe ubavuni kwake. Kanda ya video ninayo."

Mzee Sylvesta, mdogo wake marehemu na mwenyekiti wa kikao, alikuna kidevu. Si mtu wa maneno mengi, na hata hayo machache yalikuwa yameshamchosha.

"Basi ilete, Mama Adrian. Kaka aseme mwenyewe. Akisema Bonga, tunachimba Bonga. Ila uwahi, jua lisituzamie na majembe mkononi."

Theodory alimtazama dada yake huyo wa baba mmoja, akainuka akaenda uani.

Sasa, kanda ile picha ilikuwa nayo, maneno haikuwa nayo. Wapiga video wa miaka ile mnawajua. Sherehe nzima wanaifunika muziki. Shangazi analia, muziki. Padre anabariki, muziki. Baba mzazi anamwachia binti yake wa pekee neno la kuondokea nyumbani, mtu anambandikia kinanda mwanzo mpaka mwisho, halafu anajiona fundi. Miaka yote hiyo Veronica aliitazama midomo ya baba yake ikichezacheza huku kinanda kikilia, na kila mara alikitukana kile kinanda. Lakini maneno aliyakumbuka, na alikuwa tayari kuyaapia. Wazee wengi waliokuwepo siku ile wameshatangulia mbele ya haki, na waliobaki, Mzee Sylvesta akiwemo, wanachokumbuka ni pilau.

Veronica aliichukua kwake, akapanda bodaboda mpaka stendi, kanda ameifunga kwenye kanga kifuani. Karibu na stendi kuna kibanda cha Msafiri, anayewarushia watu muvi kwenye flashi na kwenye simu. Ukutani bado ametundika CD ambazo hakuna anayeziulizia, na chini ya meza anazo deki mbili za kanda, kwa sababu Msafiri hajui kutupa kitu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nina msiba na nina haraka. Nataka sauti ya mtu iliyofunikwa na muziki."

Msafiri aliigeuza kanda, akaifunua kifuniko, akapuliza vumbi. Ukungu mweupe ulikuwa umeanza pembeni.

"Hii naweza kuicheza mara moja, mama. Ya pili sikuahidi."

Akaiingiza kwenye deki ya kwanza. Ukumbi wa maturubai ukatokea, rangi zimepauka, halafu baba yake amesimama na koti lake la misa, maiki mkononi. Kinanda kikaanza. Veronica alikuwa ameshakunja uso wakati picha ilipoyumba, ikajikunja, ikatoweka. Ndani ya deki kulikuwa na mkwaruzo.

"Imekula," Msafiri alisema taratibu.

Alichomoa waya, akafungua mfuniko, akauona utepe umejisokota kwenye magurudumu. Akawa anaunasua kwa ncha ya kidole huku Veronica amesimama juu yake, hapumui. Utepe ukikatika hapo, baba yake amenyamaza moja kwa moja, na kesho atalala kwenye ua wa mwanamke ambaye Veronica hajawahi kukaa kwake akamaliza kikombe cha chai. Aliona utepe unanyooka, unanyooka, unakwama. Akafumba macho.

"Umetoka," Msafiri alisema. "Una makunyanzi, lakini umetoka."

Kisha akaivuta deki ya pili, kubwa, nzito. "Ile ya kwanza inasoma njia moja ya sauti. Baadhi ya kanda hizi zina njia mbili. Kama mpiga video alikuwa na kamera nzuri na alikuwa mvivu, alibandika wimbo kwenye njia moja tu, ile nyingine akaiacha kama ilivyo."

"Na kama hakuwa mvivu?"

"Tuombe alikuwa mvivu."

Akaunganisha deki na kompyuta ili kila kitakachotoka kiingie humo, akabonyeza. Picha ikaja. Kinanda kikaja. Msafiri akabonyeza kitufe kingine na kinanda kikakatika, kukawa na upepo, mbuzi mmoja mahali fulani, watoto, kisha kikohozi. Veronica alishika meza. Kikohozi kile angekijua hata sokoni. Miaka mitatu iliyopita kiharusi kilimnyamazisha mzee, na tangu hapo hakuna mtu aliyesikia neno lake.

"Watu wa Bonga, hamjambo," alisema baba yake. "Mama yake huyu binti amelala pale, mnapaona. Siku yangu nami ikifika, ningependa nilale pale pale, ubavuni kwake."

Vigelegele vikapasuka. Veronica alijipiga kifua. Si aliwaambia? Si neno kwa neno?

Lakini mzee hakuwa amemaliza. Vigelegele vilikuwa karibu na bibi harusi, ndiyo maana siku ile hakusikia yaliyofuata, lakini maiki ilikuwa karibu na mzee.

"Ila mtu hajipangii. Atakayekuwa ananinywesha uji siku hizo za mwisho, huyo ndiye anizike, uani kwake, na asigombezwe na mtu. Haya, muziki."

Msafiri alijifanya anatafuta kitu mezani.

"Mama," alisema mwishowe, "mpaka pale kwenye vigelegele panatosha. Nakata hapo. Wateja wa harusi wananiomba kila wiki niwakatie mtu, na hakuna aliyewahi kugundua."

Nani kati yetu angekataa haraka? Veronica alitoka Bonga bila mama, akaolewa hapo Bagara, na mwaka uliofuata baba akaoa na kuhamia Maisaka kana kwamba mama hakuwahi kuwepo. Toka Bagara hadi Maisaka unaenda na kurudi ugali ukiwa bado wa moto. Lakini yeye alikuwa akienda Krismasi na Pasaka, anakaa ukingoni mwa kiti, anaondoka. Hata mzee alipougua, Veronica alibaki hivyo hivyo. Kinyongo hicho alikilea kama mtoto.

"Kata," alisema. Halafu, Msafiri alipoinamia kompyuta: "Ila hiyo nzima usiifute. Niwekee zote mbili. Ni sauti ya baba yangu."

Alirudi na flashi ameifumbata mpaka kiganja kikatoa jasho. Njia ya mwongo ni fupi, na siku ile bodaboda ilimfikisha Maisaka upesi kupita alivyotaka.

Alipitia uani ili asikutane na macho ya wazee. Kwenye kamba zilining'inia shuka za mzee, zimefuliwa, zimepauka kwa kufuliwa mno. Theodory alikuwa amechuchumaa karibu na bomba akiosha vyombo vya msiba, mwanaume mzima. Kando yake kwenye beseni kulikuwa na kikombe cha plastiki chenye mdomo, kile cha watoto. Alikuwa ameosha kila kitu, kikombe hicho amekiruka. Uji ulikuwa umekaukia ndani.

"Umeipata, dada?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nimeipata."

Sebuleni wazee walisogea. Lukresia, mjane, alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, amejifunika kanga. Theodory alifuta mikono, akachomeka flashi nyuma ya televisheni, akampa Veronica rimoti. Kwenye kioo yakatokea mafaili mawili.

"Mbona ziko mbili?" Mzee Sylvesta aliuliza.

Veronica aliinua rimoti. Ile fupi ilikuwa juu, imeshachaguliwa, inangoja kidole tu. Angebonyeza, wangechimba Bonga, mama yake angepata mwenzake, na hapa duniani angejua Msafiri peke yake. Alimtazama Theodory, mikono yake imekunjamana kwa maji. Moyo ulimuuma Veronica, tena ulimuuma kwa mama yake aliyelala peke yake, na hakuna wa kumtetea isipokuwa yeye.

"Moja haijakamilika," alisema. Akateremka hadi faili la chini, akabonyeza ile ndefu.

Kikohozi kikajaza sebule. Lukresia aliinua uso kutoka kwenye kanga. Wajukuu waliokuwa wakicheza mlangoni walisimama, wakaulizana huyo ni nani anaongea, kwa sababu babu wanayemjua wao hakuwa na sauti. Mzee akasema kuhusu ubavu wa mkewe. Vigelegele. Theodory aliinamisha kichwa, ameshakubali kushindwa. Kisha mzee akasema kuhusu uji, na Theodory akaziba uso kwa viganja vyote viwili.

Muziki. Kioo kikawa cheusi.

Mzee Sylvesta alivaa kofia, akatoka nje. Walisikia anaongea na vijana, kisha sururu ya kwanza ikagonga ardhi ya uani.

Veronica alikuwa bado ameshika rimoti. Hakujua aende wapi. Lukresia ndiye aliyevuta kanga yake akampisha nafasi mkekani.

"Mama Adrian," alisema, "rudisha nyuma kidogo. Pale anapokohoa."

Kwa miaka yote ya ndoa ile, Veronica alikuwa akimwita Mama Theodory, tena kwa mbali. Alikaa mkekani.

"Narudisha, mama," alisema.