Ufizi wa Abdikadir

Mjukuu wa Lul alikuwa na homa, anaharisha siku ya tatu, na majirani pale kambini, nje ya mji wa Isiolo, walishakata shauri: ni meno ya plastiki, yale ya kujificha kwenye ufizi na kuua watoto. Mzee Dida, mchimbaji wa meno hayo, akaitwa. Akaja na spoki yake ya baiskeli, akaipitisha kwenye moto.

"Nipe mtoto, mama. Nikiyachimbua, homa itashuka."

Lul akamkumbatia mjukuu wake, Abdikadir. "Simpi mtu."

"Kumbe huyu siku hizi ni daktari!" jirani mmoja akacheka. "Mtoto akifa, usituite."

"Mungu akimchukua, nitamzika. Lakini atazikwa na ufizi wake mzima." Kisha Lul akafungua mdomo mbele ya wote, akawaonyesha mapengo, mawili juu, mawili chini. "Nilichimbwa hivyo nikiwa mchanga. Yalikuwa meno yangu ya kweli, mzee, yalikuwa bado hayajatoka. Na hayakutoka tena."

Akamfunga mtoto mgongoni, akasema bismillahi, akatembea hadi zahanati. Nesi Kiende akampa mtoto dawa na maji ya chumvi na sukari. Baada ya siku mbili mtoto alikuwa anacheka.

Mwaka uliofuata, Lul alimbeba mpaka mlangoni kwa Mzee Dida.

"Salaam aleikum, mzee. Weka kidole hapa mdomoni mwake, pembeni."

Dida akaweka. Abdikadir akamuuma mpaka mzee akapiga kelele.

"Hiyo ni plastiki?" Lul akamuuliza.