Machungwa ya Mgonjwa

Kila Jumatatu na Jumatano, jua likishapoa, huwa naenda darasa la watu wazima katika shule ya msingi hapa Marambo. Nina miaka hamsini na nane. Nilianza nikiwa siwezi kuandika hata jina langu, Mwanamvua, nalo si jina fupi. Mwalimu wetu, Teofili, ni kijana wa rika la mwanangu. Hutusomesha kwa redio: taarifa ya habari ya saa kumi ikianza, huchagua sentensi moja, huirudia polepole, nasi tunaiandika.

Mwaka mmoja sentensi nyingi zilikuwa za vita. Vijana wetu walikuwa wamepelekwa kulinda amani katika nchi ya jirani, na mwanangu Bakary alikuwa mmoja wao. Mwezi wa kwanza niliandika: Vijana wetu wanasonga mbele. Niliandika kwa furaha mpaka ncha ya penseli ikavunjika. Baadaye: Vijana wetu wanashikilia maeneo yao. Kisha: Vijana wetu wamejipanga upya nyuma ya mto.

Mzee Yunusi, anayekaa dawati la mbele kwa ajili ya macho yake, aliweka kalamu chini.

"Kujipanga upya? Mimi nikijipanga upya shambani, ujue nguruwe wamenikimbiza."

Darasa lilicheka.

"Mzee Yunusi, andika kwanza, utuchekeshe baadaye," Teofili alisema, kisha akanitazama mimi, akaacha kutabasamu.

Jumatano iliyofuata sentensi ilikuwa ndefu: Wananchi wanaombwa kuwa watulivu, kupuuza uvumi, na kuzidi kuwaombea vijana wetu. Mkono wangu ulisimama katikati. Mimi huamka kabla ya adhana kumwombea Bakary. Sijawahi kungoja kuambiwa. Serikali ikianza kuniambia niombe, basi kuna jambo inalolijua.

Nilitambua kwa sababu kazi hiyo naifanya mwenyewe. Kwetu, mtu akifiwa akiwa mbali haambiwi moja kwa moja, na kwa miaka ishirini mimi ndiye ninayetumwa kumleta. Kwanza namuuliza kama amekula, maana baadaye hatakula. Kisha nasema fulani anaumwa. Njiani nasema amezidiwa. Nyumbani anakuta mikeka imetandikwa uani, na hapo sina haja ya kusema tena. Niliiona ni huruma, kuushusha moyo wa mtu taratibu badala ya kuuangusha.

Lakini jirani yangu Zulfa hakunitoka moyoni. Mumewe alipofariki yeye alikuwa Nkowe kwa dada yake. Nilimfuata kwa bodaboda.

"Anaumwa tu?" aliniuliza.

"Anaumwa tu."

"Niapie, dada."

Nikaapa. Tulipofika sokoni Nachingwea alimsimamisha dereva, akanunua machungwa kumi ya mgonjwa. Aliyapakata mpaka nyumbani. Alipoiona mikeka, machungwa yalimwagika uani, yakabingirika katikati ya watu. Hakunilaumu hata siku moja.

Nasma, mke wa Bakary, alikuwa akikaa nami, mimba yake ya miezi saba. Yeye ndiye aliyekuwa akinisahihishia daftari kila niliporudi darasani. Jumatano ile nilimwambia hatukupewa imla.

"Mama," alisema, "hata mimi nina simu, habari nazisoma."

Tulimenya mihogo, kila mmoja akijitahidi kumfichia mwenzake uso.

Ijumaa asubuhi tulikuwa uani tukipeta ufuta. Mwenyekiti wa kijiji, Masoudi, aliegemeza baiskeli yake ukutani, akavua kofia.

"Mmekula?" aliuliza.

Ungo ulinitoka mikononi, ufuta ukamwagika wote.

"Sema, mwenyekiti."

"Bakary ameumia, Mama Bakary. Wamepiga simu kutoka jeshini. Yuko hospitali, anaendelea vizuri."

"Hata mimi ndivyo ninavyosema."

"Wallahi, kijana yu hai!"

"Hata mimi niliapa."

Niliingia ndani, nikatoka na mkeka, nikautandika. Nasma aliketi chini palepale, mikono juu ya tumbo. "Mama, unafanya nini? Amesema yu hai."

Masoudi alisimama akiikunja kofia yake, jasho likimtoka. Maskini, alikuja na maneno ya kweli, lakini maneno hayo nilikwisha kuyatumia mimi, miaka ishirini, kwa ajili ya watu waliokwisha kufa. Hakubakiwa na mengine. Alipiga namba ya jeshini, haikupokelewa. Akapiga tena.

Wanawake waliopita njiani waliuona mkeka, wakaingia wakiwa wamejifunika khanga. Mmoja alianza kulia. Nasma akamwambia kwa ukali, "Nyamaza, bado," nami nikampenda kwa neno hilo kuliko siku zote.

Ndipo Zulfa akaingia. Hakuwa amejifunika. Alikuwa amebeba kikapu.

"Mwenyekiti alipopita kwangu aliniambia Bakary anaumwa," alisema. "Nimemletea mgonjwa machungwa."

"Zulfa, usinifanyie hivyo."

"Sikufanyii kitu. Nimeambiwa yu hai, naamini."

"Unaaminije tena, baada ya yale niliyokufanyia?"

Alikaa karibu yangu, kikapu mapajani. "Mmoja wetu lazima aamini, dada. Nikiwa nimekosea, tutayaokota pamoja."

Niliingia chumbani nikaswali rakaa mbili. Yaliyompata Bakary yalikuwa yamekwisha kumpata. Nilichoomba ni nguvu ya kuyasikia, na msamaha wa kiapo changu cha Nkowe.

Karibu na adhuhuri simu ya Masoudi iliita. Aliitazama, akanikimbilia nayo bila hata kuipokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe?"

"Ni mimi. Mmekula?"

"Usiniulize hivyo!" nilipiga kelele, wote wakashtuka. "Usiniulize, Bakary. Niambie yote, sasa hivi."

Nilisikia anavuta pumzi.

"Mguu wa kushoto, mama. Unasumbua kidogo."

"Bakary."

"Haupo. Wameukata juu ya goti."

Nililia, naye akaniacha nilie.

"Asante, mwanangu," nilisema.

"Asante ya nini, mama?"

"Ya kuniambia. Redio ilisema mmejipanga upya."

"Tulikimbia," alisema polepole. "Wenzangu wawili hawakuuvuka mto."

Nilimpa Nasma simu. Aliishika kwa mikono miwili, akageukia ukutani, na kitu cha kwanza alichomwambia ni kwamba mtoto anapiga mateke kama mwendawazimu. Nilisikia kicheko chembamba kikitoka kwenye simu. Masoudi aliketi kizingitini, akajifuta uso kwa kofia.

Niliinama kuukunja mkeka, Zulfa akaukanyaga kwa mguu. "Uache. Tukalie." Akaanza kumenya chungwa.

"Zulfa," nilisema, "siku ile, kabla hujanunua machungwa, nilikuwa najua."

"Na mimi nilijua. Mtu hafuatwi kwa bodaboda mpaka Nkowe kwa sababu ya homa."

"Sasa machungwa uliyanunulia nini?"

Aliligawa chungwa kwa vidole, pande moja baada ya jingine, bila haraka.

"Nilitaka niendelee kuwa na mume mpaka tufike."

Bakary aliponiambia ukweli nilikuwa nimeazimia kwamba sitamwambia tena mtu yeyote kuwa fulani anaumwa ilhali amekufa. Sasa nilikaa na chungwa mkononi nisijue lipi lililo jema. Nilichokijua ni kwamba mahali fulani, labda saa ile ile, akina mama wa wale vijana wawili walikuwa wakiulizwa kama wamekula.

Nilimwambia Zulfa habari yao. Tuliweka machungwa chini, tukainua mikono kuwaombea wao na watoto wao walioachwa ng'ambo ya mto, bila kuambiwa na mtu.