Umba Mmoja

Mwaka ule nilikuwa nafundisha vijana waliojiandaa kuwa walimu, katika shule moja ya misioni hapa Kamina, na somo nililopewa lilikuwa jinsi akili ya mtoto inavyofanya kazi. Siku moja tukafika kwenye kumbukumbu. Niliifundisha vizuri, nasema bila haya. Nilimsimulia kijana wa dawati la mbele habari fupi ya dereva wa treni na mbuzi wake, yeye akamnong'oneza jirani, jirani akampasia mwenzake, hivyo hivyo hadi ukuta wa nyuma. Huko nyuma mbuzi alikwisha kuwa mke wa pili wa dereva. Darasa zima likacheka. Nikawaambia wasiwacheke wenzao, kwa sababu kichwa kimoja peke yake nacho hujinong'oneza namna ile. Mtu halitoi jambo la zamani kama atoavyo shati sandukuni. Hulijenga upya kila mara, na palipobomoka huziba kwa udongo wowote ulio karibu. Niliyasema hayo nikidhani nazungumzia vichwa vya watu wengine.

Nyumbani, mimi na mke wangu Léa tulikuwa na mtoto mmoja, Umba, wa miaka saba. Kabla yake alikuwapo mwingine, naye Umba. Yule alikufa kwa surua akiwa bado mdogo, tulipokuwa tunakaa Sanga, kando ya ziwa Kisale. Huyu alipozaliwa, mama yangu, Phébé, alimtazama usoni kidogo tu, akatangaza kwamba Umba amerudi, na jina likawa lile lile. Kwetu Waluba hilo halimshangazi mtu. Lakini mama, ambaye hajawahi kuacha jambo lipite bila kulitia chumvi yake, aliongeza sharti: katika nyumba hii mtu yeyote asiseme "wa kwanza" wala "yule mwingine". Mtoto akisikia kwamba wako wawili atajiona amezidi, ataondoka tena.

Mwalimu mzima, Mkristo, nilipaswa kubisha. Sikubisha. Tangu mazishi sikuwa na hamu ya kubishana na mtu. Kule Sanga sikulia, na tulipohamia Kamina sikulia. Watu walinisifu kuwa nina moyo wa kiume, nami nikawaacha wasifu. Moyo ulikuwa umekufa ganzi tu, basi. Nilikula, nilifundisha, nilikwenda misa, na kati ya hayo sikuhisi chochote.

Kwa sharti lile la mama, habari za watoto wale zikachanganyika. Umba alimng'ata padri kidole siku ya ubatizo. Yupi? Hakuna aliyeuliza. Umba alilamba chumvi sahanini akidhani sukari, akaipa ile sahani kofi. Picha hatukuwa nayo hata moja. Pole pole marehemu akanyang'anywa vituko vyake vyote, akavirithi mdogo wake. Mimi nikabaki na kimoja nilichokificha, sikumwambia mtu: siku niliyombeba mabegani stesheni, injini ikatoa mvuke kwa kishindo, naye kwa hofu akanikojolea mgongoni. Nikikumbuka, nilisikia tena ule ujoto ukishuka shingoni. Katika maisha yangu yote ya siku zile, hicho peke yake ndicho nilichokihisi. Niliamini kwamba kikipotea hicho, mtoto yule nitakuwa sikumzaa kamwe.

Jumapili moja tulikuwa tunakula bukari, ugali wetu, na samaki. Umba akaanza kucheka peke yake.

"Baba, minyi nakumbuka siku moja ku gare. Ulinibeba pa mabega. Treni ikapiga kelele, nikakukojolea mu mugongo!"

Mama akaacha tonge, akapiga makofi. "Munasikia? Njo yeye! Njo yeye mwenyewe, alirudia!"

Hasira ikanipanda, mimi ambaye nilikuwa sina hasira na mtu. "Non! Haikuwa weye. Ilikuwa ule mwingine."

Mama alimziba mtoto masikio kwa viganja vilivyojaa mchuzi. "Gaston! Unataka kumufukuza?" Akamshika mjukuu wake mkono, akamtoa nje.

Léa hakuinuka. Aliongea kwa upole, na upole wake ndio ulioniogopesha.

"Baba Umba, ule mutoto hakuonaka treni hata siku moja. Tulimuzika kwanza, kisha tukakuya huku. Ku Sanga treni iko wapi?"

"Nilimusikia pa shingo, Léa."

"Ulimusikia, ndiyo. Ni huyu. Shati minyi njo nililifua."

Yote yale niliyajua. Nilijua kwamba Sanga hakuna reli, nilijua tulihama lini, na nilijua kaburi liko wapi. Ila sikuwahi kuyaweka mambo hayo mahali pamoja kichwani. Nikatafuta kitu kingine cha yule wa kwanza, haraka haraka, kama mtu aliyeibiwa anavyojipapasa mifuko. Nikapata uzito wa jeneza dogo mikononi, kisha nikakumbuka kwamba lilibebwa na shemeji zangu.

Umba alikuwa amemponyoka nyanya yake. Alisimama mlangoni.

"Baba, ule mwingine njo nani?"

Léa alinitazama. Nikaona sina tena cha kulinda. "Ulikuwa na kaka yako," nikamwambia. "Alikufa."

Hakuogopa. Alifikiri kidogo. "Alikuwa namna gani?"

Nikamweleza. Macho makubwa, nikasema. Sikio moja limetokeza kuliko lingine. Akicheka, pengo la jino la mbele linaonekana, hapo juu.

"Baba Umba," Léa akasema, "ule hakufikia kung'oka meno."

Ndipo nilipotambua kwamba muda wote nilikuwa nikimsoma huyu aliyesimama mbele yangu. Nikamwomba mke wangu amweleze yeye, mama aliyewazaa wote wawili. Léa akamgeukia mtoto, akamtazama usoni muda mrefu, kama nilivyomtazama mimi, midomo imefunguka kidogo. Kisha akaanza kukusanya sahani.